Mwalimu wa shule au kocha wa nje: mtoto amsikilize nani?

Wadau, wazazi wa Marekani wenye mabinti wanaocheza softiboli wana ugomvi wao wa siku nyingi. Mwalimu wa shule anamwambia binti arushe mpira hivi, kocha binafsi wanayemlipa kwa saa anasema arushe vile. Binti anabaki katikati, bega linauma.

Msidhani ni shida ya wenye nazo tu. Mtoto wa Lundo, kule ufukweni mwa Ziwa Nyasa, akionekana ana mbio yatamkuta hayohayo. Shule itamtaka akimbie mita 800, mita 1,500 na kupokezana vijiti, maana inatafuta pointi za UMITASHUMTA ili ifike wilayani, halafu Songea. Akitokea kocha wa klabu atamwambia achague mbio moja, nyingine aachane nazo.

Historia inasemaje? Tuanze na mtu wetu, Suleiman Nyambui. Alizaliwa mwaka 1953, akaja kusoma Chuo Kikuu cha Texas pale El Paso. Kati ya 1979 na 1982 alishinda mita 10,000 za vyuo vikuu vya Marekani mara nne mfululizo, na miaka yote hiyo minne chuo chake kilitwaa ubingwa wa timu. Katikati ya kazi hiyo alikwenda Moscow mwaka 1980 akachukua fedha ya mita 5,000 nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Kwa hiyo kukimbilia pointi za shule si lazima kumuue mtu. Lakini hesabuni umri: alianza mataji hayo akiwa na miaka 26. Mtoto wa miaka 13 hana mifupa hiyo.

Sasa tuvuke mpaka. Mwaka 1976 Colm O'Connell, mtawa kutoka Ireland, alifika Iten, Kenya, kufundisha jiografia St. Patrick's. Ukocha wa riadha hakuusomea, akajifunza kwa kuwatazama wanafunzi wake. Mwaka 1988 Peter Rono, aliyepita mikononi mwake, akashinda dhahabu ya mita 1,500 kule Seoul.

Halafu akaja David Rudisha. Baba yake, Daniel, alipata fedha ya kupokezana vijiti mita 400 mara nne Mexico mwaka 1968, na kijana naye alianza na mita 400. Alikuwa mwanafunzi wa Kimuron, si St. Patrick's, kwa hiyo kwake Brother Colm ndiye aliyekuwa kocha wa nje! Ndiye aliyemwelekeza kwenye mita 800. Mwaka 2006 Rudisha akawa bingwa wa dunia wa vijana. Olimpiki ya 2008 aliikosa kwa kuumia. Wangapi wangebadilisha kocha hapo? Yeye alibaki palepale. Tarehe 9 Agosti 2012, London, akakimbia dakika 1:40.91, rekodi ya dunia.

Ninavyoona mimi, tunakosea tunapouliza nani kasoma zaidi. Ulizeni mambo mawili: mtoto akishinda leo, kikombe kinakaa kabati la nani? Na mshauri huyu atakuwepo miaka mitano ijayo? Mwalimu anaweza kuhamishwa. Kocha wa mjini anaweza kuja mara moja tu, akaondoka na kijana au akamsahau.

Lakini tusimbeze mwalimu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Joseph Mungai akiwa Waziri wa Elimu, michezo hii ya shule ilisimamishwa, ikaja kurejeshwa miaka kadhaa baadaye. Mtoto wa Dar alikuwa na timu za mtaani. Wa pembezoni kama Lundo angekimbia na nani? Huko mwalimu wa shule ndiye mlango wenyewe. Si ajabu hata kocha wa timu ya taifa tunamwita "mwalimu".

Basi mzazi asiogope. Awaite wote wawili, wakae benchi moja, wakubaliane mtoto atakimbia nini mwaka huu na atapumzika lini. Asiyetaka kukaa kwenye benchi hilo, mjue anachotafuta si mtoto.

Au mnasemaje wadau?