Sifuri ya Yangambi: ganda la ngazi, na chombo kinachodanganya asubuhi

Leo nataka tuongee juu ya historia, lakini nianze na aibu yangu mwenyewe.

Wakati wa mémoire yangu ya licence, nilikuwa napima unene wa ganda la ngazi kwa papa mmoja, mkulima, upande wa barabara ya Yangambi. Alinunua miche miaka mingi kidogo mbele, akaambiwa ni tenera, ile mbegu ya kisasa. Sasa miti imezaa, anataka kujua kama pesa yake ilikwenda mahali pazuri. Mimi niko na pied à coulisse ya dijitali, ile ya beyi ndogo ya sokoni. Nawasha, kioo kinaonyesha 0.00, naanza kazi. Mpaka saa sita nimepima ngazi makumi manne. Nikamwambia, "Papa, ganda ni jembamba, mambo ni mazuri." Akacheka, akaniletea maji.

Kisha kula, nikapangusa meno ya chombo, nikayafunga. Kioo kikaandika -0.41.

Kumbe asubuhi niliweka betri wakati uzi wa ngazi ulikuwa umebaki kati ya meno. Chombo kilikuta meno yako wazi kwa 0.41 mm, chenyewe kikasema: hapa ndipo sifuri. Kila ganda nililopima likaonekana jembamba kupita ukweli. Nilirudi kwa yule papa na kumwambia tuanze upya. Hakucheka tena.

Sasa historia. Ile kazi niliyofanya vibaya chini ya ule muti, kuna watu waliifanya vizuri kilomita kama 100 tu kutoka Kisangani, na dunia nzima inakula matunda yake mpaka leo.

Tuanze na chombo. Mwaka 1631, huko Bruxelles, Pierre Vernier, mtu wa Ornans, alitoa kitabu kidogo juu ya namna ya kusoma sehemu ndogo sana kwa kutelezesha mistari kando ya mistari mingine. Mpaka leo chombo cha mistari kinabeba jina lake. Mwaka 1851 kiwanda cha Joseph Brown huko Providence, Marekani, kilianza kukitengeneza kwa beyi ambayo fundi wa kawaida aliweza kulipa. Ile ya kioo na namba ilienea tangu miaka ya 1980.

Tofauti yao ni kubwa. Kwenye chombo cha mistari, sifuri imechorwa kwenye chuma. Ikikosea, unaiona kwa macho na unaitoa kwenye hesabu. Kwenye ile ya dijitali ya beyi ndogo, sifuri ni kumbukumbu tu. Ukitoa betri na kuirudisha, kumbukumbu inapotea, na pale meno yalipo wakati wa kuwaka ndipo inapohesabu kuwa mwanzo. Ziko za beyi kubwa ambazo zinajua mahali zilipo hata kisha kuzimwa, lakini si hizo tunazonunua wanafunzi.

Tuje Yangambi. Mwaka 1933 serikali ya Ubelgiji iliunda INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo kwa Kongo, na Yangambi ikawa kituo chake kikubwa. Ngazi ilikuwa biashara kubwa wakati ule. Tangu 1911 kampuni ya Lever ilikuwa imepewa haki juu ya maeneo makubwa ya michikichi, na moja ya vituo vyake, Elisabetha, ndiyo Lokutu ya leo, hapa hapa Tshopo. Miti mingi ya porini ilikuwa dura: ganda nene, kutoka milimita 2 mpaka 8, nyama kidogo, mafuta kidogo. Michache ilikuwa tenera: ganda la 0.5 mpaka 4, nyama nyingi. Na mara moja moja unakuta pisifera, ambayo haina ganda kabisa, lakini kwa kawaida maua yake ya kike hayafiki kuzaa vizuri. Mkungu unaoza kabla ya kuiva. Mkulima gani atautaka muti kama huo?

Tangu miaka ya 1920 Yangambi walikuwa wamepanda mbegu za tenera moja yenye sifa kubwa, iliyoitwa Djongo, kutoka bustani ya mimea ya Eala, karibu na Mbandaka. Shabaha ilikuwa rahisi: chukua tenera, uizalishe na tenera, mpaka upate tenera safi. Na kila mara mambo yalikataa. Katika watoto, karibu robo wanatoka dura, nusu tenera, robo pisifera. Ukichagua tena tenera bora na kuzalisha, unapata robo, nusu, robo. Tenera safi haikupatikana hata siku moja.

Mwaka 1941 Beirnaert na Vanderweyen walitoa kitabu chao kwa INEAC na kueleza sababu. Unene wa ganda unaongozwa na jeni moja. Dura inabeba nakala mbili za "ganda nene", pisifera inabeba mbili za "bila ganda", na tenera inabeba moja ya kila upande. Tenera ni mtoto wa katikati. Huwezi kuisafisha, sawa vile huwezi kusafisha mchanganyiko mpaka ubaki mchanganyiko mtupu.

Basi njia iko wapi? Chukua mama dura, umpe chavua ya pisifera. Watoto wote, si nusu wala robo, wote ni tenera. Ule muti uliodharauliwa, usiozaa, ndio ukawa baba wa thamani kuliko wote.

Mnaona kwa nini naita hii historia ya sifuri? Pisifera ndiyo sifuri ya ganda. Miaka yote watu walikuwa wanapima kutoka katikati, kutoka tenera, wakidhani ndiyo mwanzo. Walipokubali kuanza hesabu pale ambapo hakuna ganda kabisa, namba zote zikakaa mahali pake. Na kufikia hapo ilibidi kukata na kuhesabu ngazi nyingi sana, muti kwa muti. Jalada linabeba majina mawili ya Wabelgiji. Wafanyakazi Wakongo waliopanda juu ya michikichi na kupasua zile kokwa hawako kwenye jalada.

Kisha? Tenera inatoa mafuta kama 30% kupita dura. Malaysia na Indonesia walichukua njia hii na wakaijenga. Kizazi cha Djongo kilikuwa kimefika Sumatra tangu miaka ya 1920, na damu yake iko katika mbegu nyingi za kule mpaka sasa. Mwaka 2013 watafiti walioongozwa kutoka Malaysia walitambua jeni lenyewe, wakaliita SHELL. Leo nchi hizo mbili zinatoa zaidi ya 80% ya mafuta ya mawese ya dunia, na sisi, wenye Yangambi, tunayaagiza kutoka nje.

Si kulia tu. Iko kazi ya kufanya. Mkulima akiokota mbegu chini ya tenera nzuri na kuzipanda, anarudia kosa la kabla ya 1941: sehemu kubwa ya shamba itakuwa dura, na pengine pisifera zisizozaa. Ataligundua kisha miaka mitatu au minne ya jasho, na muti utakaa hapo miaka 25. Ni sisi tuliosoma agronomia tunaopaswa kumwambia mapema. Na tukienda kumpimia, tupime kwa haki.

Kwa hiyo, kwa wadogo zetu wanaoanza mémoire. Pangusa meno ya chombo kwa karatasi. Yafunge polepole, bila kukaza, kisha bonyeza ZERO. Fungua na funga mara tatu, isiporudi 0.00, usianze. Betri ya SR44 inashika nguvu yake mpaka karibu na mwisho, LR44 inashuka polepole na namba zinaanza kuruka. Unyevu wa huku kwetu nao unasumbua, kausha chombo kabla. Kisha pima kitu unachokijua: omba fundi wa moto rulema mpya ya 6202, upana wake wa nje ni 35 mm. Rudia kila saa na andika kwenye daftari. Na usihukumu muti kwa unene peke yake, maana kati ya milimita 2 na 4 dura na tenera zinaingiliana. Kata ngazi katikati, tafuta duara la nyuzi nyeusi kuzunguka kokwa. Liko kwa tenera, halimo kwa dura.

Yule papa tulimaliza kumpimia siku ya pili. Miti yake mingi ilikuwa na lile duara, lakini si yote. Nilimwonyesha moja moja, na yeye mwenyewe akaweka alama kwa panga kwenye ile ambayo hakuuziwa kwa ukweli. Aliniuliza, "Mwanangu, na jana ungeondoka bila kurudi?"

Bado natafuta jibu la kumpa.