Kiyovu na Nyarutarama

Mitaa miwili ya kifahari mjini Kigali, Rwanda. Kiyovu, wilayani Nyarugenge, ndio wa zamani: upo jirani na katikati ya jiji, una miti mikubwa na Hôtel des Mille Collines, iliyofunguliwa mwaka 1973. Nyarutarama, wilayani Gasabo, umekua zaidi baada ya 1994. Una majumba ya ghorofa yenye kuta ndefu na uwanja wa gofu. Kwa kivuli na matembezi, Kiyovu unashinda.

Mitaa yote miwili ilipakana na makazi ya maskini. Wale wa Kiyovu walihamishiwa Batsinda. Wa Kangondo na Kibiraro, huko Nyarutarama, walipelekwa Busanza baada ya mvutano mrefu wa fidia. Nyumba zao za mwisho zilibomolewa mwaka 2022.