Mimweko Miwili, Kimya, Mimweko Miwili

Asubuhi za Julai hapa Eldy hazina huruma. Saa kumi na moja unusu, baba mdogo anajaribu kuwasha pikapu yake ya petroli iliyotoka Japani miaka ya 90. Nyuma amepakia mikebe ya maziwa. Injini inaitika, inatetemeka kama mgonjwa wa malaria, inazima. Ikishika, inamisi mpaka ipate moto, halafu inatulia kana kwamba si yenyewe. Taa ya injini kwenye dashibodi haizimi. Maziwa nayo hayangoji, na fundi wa kwanza ameshatoa hukumu: kompyuta ya gari imekufa, nunua nyingine.

Kabla hajauza ndama kununua kompyuta, wacha turudi nyuma kidogo. Taa ile ina historia yake, na mji huu una yake.

Eldoret ni mtoto wa barabara. Mwaka 1908 msafara wa Makaburu ulioongozwa na Jansen van Rensburg ulipanda uwanda wa Uasin Gishu kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, ukakaa kwenye ardhi iliyokuwa malisho ya wenyeji. Posta ilifunguliwa kwenye shamba nambari 64, ndiyo sababu wazee bado wanasema "Sisibo". Reli ilifika 1924. Bomba la mafuta kutoka Nairobi lilifika 1994, na malori ya Uganda yakawa yanakuja kujaza hapa. Kila chombo kilichopita kilihitaji mtu wa kukiamsha kikilala.

Watu hao walikuwa mafundi wa jua kali. Walijifunza injini kwa sikio. Unaweka ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini unauweka sikioni, unasikiliza. Unachomoa waya za plagi moja moja: ukichomoa na mngurumo usibadilike, silinda hiyo ndiyo haifanyi kazi. Walijua pia mambo ya mwinuko. Tuko karibu mita 2,100 juu ya bahari, na hewa hapa ni nyepesi kuliko Mombasa kwa takriban moja ya tano. Kabureta iliyopimwa pwani ikifika huku inamwaga petroli kupita kiasi, moshi mweusi unatoka. Fundi anapunguza, maisha yanaendelea.

Kompyuta ilikuja kwa sababu ya moshi wa watu wengine. Los Angeles ilikuwa inakohoa, kwa hivyo jimbo la California likadai kwamba magari mapya kuanzia yale ya 1988 yajichunguze yenyewe na kuwasha taa yakiharibika. Kufikia 1996, magari madogo mapya yote Marekani yalitumia lugha moja ya kodi. P0301, kwa mfano, maana yake silinda ya kwanza inamisi. Hiyo ndiyo lugha ambayo kijana mwenye mashine ya kuchomeka anaisoma leo.

Lakini pikapu nyingi zilizotujia kutoka Japani miaka hiyo hazikuzungumza lugha hiyo. Kila kampuni ilikuwa na yake. Kwenye Toyota nyingi za wakati huo unaunganisha vitundu viwili, TE1 na E1, kwa kipande cha waya, unafungua swichi bila kustarti, unahesabu mimweko ya taa. Na tusisahau kwamba Kenya iliaga petroli yenye risasi mwanzoni mwa 2006 tu. Risasi huua sensa ya oksijeni. Ukikuta gari la zamani taa yake imezibwa kwa utepe mweusi, usishangae: dereva alichoka kusikiliza malalamiko yasiyo na dawa.

Basi baba mdogo akaenda kwa fundi wa pili, mzee asiye na mashine yoyote. Mzee akaunganisha vitundu, akahesabu. Mimweko miwili, kimya, mimweko miwili. 22: habari za joto la maji ya injini hazifiki.

Hapo ndipo wengi hukosea. Kodi 22 haisemi sensa imekufa. Inasema mawasiliano yamekatika mahali fulani: inaweza kuwa sensa, plagi yake, au waya. Kompyuta ikikosa habari hizo haisimami, inakisia kwamba maji yameshafika kama nyuzi 80. Kwa hivyo asubuhi ya baridi inainyima injini petroli ya ziada inayohitaji, na injini inatetemeka. Ikipata moto, uongo unageuka kuwa ukweli, nayo inatulia.

Mzee akapima sensa kwa mita, iko sawa. Akafuata waya kwa vidole mpaka karibu na plagi, akakuta umeliwa na kutu ya kijani. Akakata, akaunga, akafunga. Dakika arobaini.

Ugomvi ulianza kwenye malipo. Baba mdogo aliona ni mengi: "Si hujaweka hata spea moja!" Mzee akamwuliza kompyuta ingekuwa pesa ngapi. Baba mdogo akanyamaza, akalipa.

Nimelifikiria swali hilo sana. Jua kali yetu tumeilea kwa kulipia kitu kinachoshikika, si akili iliyokitafuta. Yule fundi wa kwanza huenda hakuwa mwizi. Alijua tu kwamba kompyuta ina bei, na kuhesabu taa hakuna anayekulipia.

Kesho yake pikapu iliwaka mara moja, na maziwa yakafika mapema.