Kuganga na Kuunga: Habari za Mifupa Ufipani

Neno mganga latokana na kuganga, na kuganga, katika maana yake ya zamani, ni kufunga pamoja vitu vilivyoachana ili vishikane tena. Kutokana na shina hilo hilo lapatikana neno gango, yaani kitu cha kushikizia kilichovunjika. Basi lugha yenyewe yashuhudia kuwa kuunga ni jambo la asili katika uganga.

Maana hiyo yaonekana wazi Mtowisa, katika bonde la Ziwa Rukwa, chini ya magenge ya Lyamba lya Mfipa. Hospitali ya mkoa ipo Sumbawanga, katika nyanda za juu za Ufipa, na njia ya kuiendea yapanda mlima mkali ambao masika huuzidishia ugumu. Mkulima aangukaye mtini, mchungaji apigwaye teke na ng'ombe, au abiria aangushwaye na pikipiki, hupokewa kwanza na mikono ya jirani. Saa chache za mikono hiyo zaweza kuamua kama kiungo kitapona au kitapotea.

Kwanza yafaa kupambanua maumivu yenyewe. Mfupa uvunjikapo, damu huganda penye ufa, kisha hufanyika gegedu laini, na baadaye mfupa mpya. Mkono wa mtu mzima huchukua wiki 6 hadi 8 hivi. Paja laweza kupita wiki 12. Kano, ifungayo msuli na mfupa, hupata damu kidogo, kwa hiyo hupona polepole. Ama neno kuteguka hubeba mambo mawili: kiungo kilichotoka mahali pake, na kiungo ambacho nyuzi zake zimevutwa au kukatika tu. La kwanza lataka kurudishwa mapema na mjuzi. La pili lataka kupumzishwa, kufungwa na kuinuliwa. Anayevuta na kukanda kwa nguvu bila kupambanua huongeza jeraha, na huenda chini ya uvimbe ule pana mfupa uliovunjika.

Waungaji wa jadi wa Afrika Mashariki walijua tangu zamani kunyoosha kiungo, kukizungushia vibanzi vya mti au mwanzi, na kungoja. Elimu hiyo haistahili kudharauliwa, maana Ulaya nayo ilipita njia hiyo. Hugh Owen Thomas, aliyefariki mwaka 1891, alizaliwa katika ukoo wa waungaji wa mifupa huko Wales. Akasomea udaktari, na gango lake la paja likaokoa askari wengi katika Vita Kuu ya 1914–1918. Kabla yake, Mholanzi Antonius Mathijsen alitangaza mwaka 1852 bendeji iliyotiwa jasi, mzazi wa hogo lifungwalo hospitalini leo. Mwaka 1895 Wilhelm Röntgen akagundua miale ya eksirei, na jicho likapata kuona kilichokuwa kikipapaswa kwa vidole tu.

Lakini kufunga kuna hatari yake. Mwaka 1881 Richard von Volkmann alieleza jinsi bendeji iliyokazwa mno inavyozuia damu hata misuli ikafa na vidole vikakunjamana. Vidole vikiwa baridi, vikibadilika rangi au vikifa ganzi, au maumivu yakizidi baada ya kufungwa, kifungo kilegezwe mara moja na mgonjwa apelekwe hospitali. Vivyo hivyo mfupa uliotoboa ngozi: wafunikwa kwa kitambaa safi, wala haurudishwi ndani nyumbani.

Ufipa na jirani zake hawakuwa wageni wa tiba ya vitabu. Adrien Atiman, Mwafrika aliyekombolewa utumwani akasomea uganga Malta, aliwatibu watu Karema, pwani ya Ziwa Tanganyika, tangu 1889 hata alipofariki mwaka 1956. Hospitali ya KCMC ilifunguliwa Moshi mwaka 1971. Taasisi ya Mifupa Muhimbili ikaundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Na sheria ya mwaka 2002 ikawatambua waganga wa jadi.

Kwa hiyo hapana haja ya kumshindanisha mwungaji wa kijijini na daktari wa mjini. Wa kwanza yupo karibu, wa pili anaona ndani. Kinachomwokoa mgonjwa wa Mtowisa ni wa kwanza kukishikiza kiungo bila kukikaza, kisha kumpandisha mgonjwa mlimani mapema. Na wa pili kumpokea bila dharau, ili mwingine kesho asiogope kuja.