Haki za Wapalestina Chini ya Ukaliaji wa Kijeshi: Historia ya Sheria na Utekelezaji Wake

Ukaliaji wa kijeshi ni hali inayotambuliwa na sheria ya kimataifa. Eneo huhesabiwa kuwa linakaliwa pale linapoangukia mikononi mwa jeshi la adui na jeshi hilo likawa na uwezo wa kulitawala. Hata hivyo sheria haimpi mkaliaji umiliki wa ardhi. Inamkabidhi majukumu ya muda, hadi amani ipatikane na wenyeji warejeshewe mamlaka yao. Historia ya Ukingo wa Magharibi na Ukanda wa Gaza tangu 1967 ni historia ya hali hiyo ya muda kugeuzwa kuwa utawala usio na kikomo.

Msingi wa sheria hiyo uliwekwa The Hague, Uholanzi, mwaka 1907. Kanuni zilizopitishwa huko zinaitaka dola inayokalia kulinda amani na maisha ya kawaida ya raia, na kuheshimu sheria ilizozikuta isipokuwa pale inapozuiwa kabisa kufanya hivyo. Mali ya mtu binafsi haitaifishwi. Ardhi na majengo ya umma hutunzwa na kutumiwa bila kuharibiwa, kwa kuwa mwenyewe ni mwingine. Baada ya mateso ya Vita vya Pili vya Dunia, mataifa yalikutana tena na kuafikiana juu ya Mkataba wa Nne wa Geneva wa tarehe 12 Agosti 1949, ambao unamhusu raia mwenyewe. Mkataba huo unakataza kuwaadhibu watu wengi kwa kosa la mmoja, kuchukua mateka, kuwahamisha wenyeji kwa nguvu na kubomoa mali zao bila ulazima mkubwa wa kivita. Kifungu cha 49 kinaikataza pia dola inayokalia kuwahamishia raia wake katika eneo inalolikalia. Israeli iliuridhia mkataba huo mwaka 1951.

Palestina ilikuwa sehemu ya dola ya Waosmani hadi majeshi ya Uingereza yalipoiteka mwaka 1917 na 1918. Mwaka 1922 Shirikisho la Mataifa liliithibitishia Uingereza dhamana ya kuitawala, kwa utaratibu uleule ulioiweka Tanganyika chini ya Waingereza mwaka huohuo. Tarehe 29 Novemba 1947 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipendekeza nchi igawanywe kuwa dola mbili, moja ya Wayahudi na moja ya Waarabu. Vita vya 1948 vilifuata. Wapalestina zaidi ya 700,000 walikimbia au walifukuzwa makwao, tukio ambalo wao huliita Nakba, yaani janga. Jordan ikauchukua Ukingo wa Magharibi pamoja na Jerusalem Mashariki, na Misri ikausimamia Ukanda wa Gaza.

Katika vita vya siku sita vya Juni 1967 Israeli iliyateka maeneo hayo yote. Tarehe 7 Juni kamanda wa majeshi yake katika Ukingo wa Magharibi alitoa tangazo lililomkabidhi mamlaka yote ya kutunga sheria, kuteua watumishi na kuendesha serikali. Amri nyingine ya siku zile za mwanzo iliziagiza mahakama za kijeshi kuufuata Mkataba wa Nne wa Geneva, na pale amri ya jeshi inapopingana na mkataba, mkataba ndio uwe juu. Sharti hilo lilifutwa mwezi Oktoba mwaka huohuo.

Serikali ya Israeli ilikuja na hoja kwamba mkataba hauhusu maeneo hayo, kwa sababu mamlaka ya Jordan na Misri hayakuwa yametambuliwa kama umiliki halali. Ilisema itafuata masharti yake ya kibinadamu kwa hiari. Lakini mwezi Septemba 1967 Theodor Meron, mshauri wa sheria wa wizara ya mambo ya nje ya Israeli, alikuwa ameiandikia serikali yake, kwa siri, kwamba kuwaweka raia katika maeneo hayo kunavunja mkataba. Meron baadaye alikuwa rais wa mahakama ya Umoja wa Mataifa ya makosa ya kivita ya Yugoslavia. Onyo lake halikufuatwa.

Maisha ya Mpalestina yaliendeshwa tangu hapo kwa amri za kijeshi. Amri namba 101 ya Agosti 1967 ilikataza mkusanyiko wa kisiasa wa watu kumi au zaidi bila kibali. Amri nyingine za mwaka huo ziliweka maji chini ya jeshi, hata kuchimba kisima kukahitaji ruhusa yake. Jeshi lilitumia pia Kanuni za Ulinzi za Hali ya Hatari ambazo Waingereza walizitunga mwaka 1945. Kwa kanuni hizo nyumba ya familia iliweza kubomolewa kwa sababu ya tendo la mwanafamilia mmoja, na mtu aliweza kuzuiliwa bila kufunguliwa mashtaka. Amri ya kuzuiliwa namna hiyo hutolewa kwa muda usiozidi miezi sita, lakini inaweza kurudiwa tena na tena, na mtuhumiwa na wakili wake hawaonyeshwi ushahidi wa siri. Wafungwa wengi pia hupelekwa katika magereza yaliyo ndani ya Israeli, ilhali kifungu cha 76 cha mkataba kinataka wafungwe katika eneo linalokaliwa.

Ardhi ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa zaidi. Mwanzoni mashamba yalitwaliwa kwa hoja ya mahitaji ya kijeshi, kisha walowezi wa Israeli wakajengewa makazi humo. Mwaka 1979, katika shauri la makazi ya Elon Moreh karibu na Nablus, Mahakama Kuu ya Israeli iliamua kwamba ardhi ya watu binafsi haiwezi kutwaliwa kwa makazi ambayo hayana haja ya kiusalama, na ikaamuru irudishwe. Ushindi huo ulikuwa mfupi. Serikali iligeukia Sheria ya Ardhi ya Waosmani ya 1858 na kutangaza maeneo makubwa ambayo hayakusajiliwa au hayakulimwa kuwa ardhi ya serikali, kisha ikayagawa kwa walowezi. Mwezi Machi 1979 Baraza la Usalama, katika azimio namba 446, lilikuwa limekwisha kutamka kwamba makazi hayo hayana uhalali wowote. Leo walowezi katika Ukingo wa Magharibi na Jerusalem Mashariki ni zaidi ya 700,000. Mlowezi anayeshtakiwa hupelekwa mbele ya mahakama ya kiraia ya Israeli. Jirani yake Mpalestina hupelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Watu wawili katika bonde moja wanaishi chini ya sheria mbili.

Jerusalem Mashariki ilitiwa chini ya sheria ya Israeli tangu 1967, na mwaka 1980 bunge la Israeli likatangaza mji wote kuwa mji mkuu wake. Baraza la Usalama lilijibu kwa azimio namba 478 kwamba hatua hiyo ni batili. Wapalestina wa mji huo walipewa ukaazi badala ya uraia, na ukaazi huo unaweza kufutwa.

Wapalestina nao waliichukua sheria kama njia ya kudai haki. Mwaka 1979 wanasheria, akiwemo Raja Shehadeh, waliunda shirika la Al-Haq mjini Ramallah kuandika na kuchambua amri za jeshi na ukiukwaji wa haki. Baada ya maasi ya umma ya Intifada yaliyoanza Desemba 1987, makubaliano ya Oslo ya 1993 na 1995 yaliunda Mamlaka ya Palestina. Ukingo wa Magharibi uligawanywa katika maeneo A, B na C. Eneo C, lenye takriban asilimia 60 ya ardhi, lilibaki chini ya Israeli kikamilifu. Mpango uliokusudiwa kudumu miaka mitano bado upo.

Mwaka 2002, wakati mashambulizi ya kujitoa mhanga yalipowaua raia wengi wa Israeli, serikali ilianza kujenga ukuta. Asilimia 85 hivi ya njia yake iko ndani ya Ukingo wa Magharibi. Tarehe 9 Julai 2004 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kwa kura 14 dhidi ya 1, ilishauri kwamba ujenzi huo katika eneo linalokaliwa ni kinyume cha sheria, usimame, sehemu zilizojengwa zivunjwe na waliodhurika walipwe fidia. Ilithibitisha pia kwamba Mkataba wa Nne wa Geneva unayahusu maeneo hayo, bila kujali nani aliyatawala kabla.

Israeli iliondoa askari na walowezi Gaza mwaka 2005, lakini iliendelea kushika anga, bahari na mipaka yake mingi, na mwaka 2007 ikaweka mzingiro mkali. Tarehe 7 Oktoba 2023 kundi la Kipalestina la Hamas na makundi mengine yaliwaua watu wapatao 1,200 nchini Israeli na kuchukua mateka wapatao 250. Vita vilivyofuata viliua makumi ya maelfu ya Wapalestina. Sheria inayomlinda mkulima wa Hebron na mtoto wa Gaza ndiyo inayomlinda raia wa Israeli: haimruhusu mtu yeyote kuua raia, kushika mateka au kuzuia chakula kwa kisingizio cha makosa ya upande mwingine.

Tarehe 19 Julai 2024 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilikwenda mbali zaidi ya 2004. Kwa kura 11 dhidi ya 4 ilisema kwamba kuwepo kwa Israeli katika maeneo hayo kwenyewe si halali na kunapaswa kukoma haraka iwezekanavyo. Julia Sebutinde wa Uganda alikuwa miongoni mwa majaji wanne waliopinga. Maoni hayo yanafanana na yale ya 1971, mahakama hiyohiyo ilipotamka kwamba Afrika Kusini inaikalia Namibia kinyume cha sheria. Septemba 2024 Baraza Kuu, kwa kura 124 dhidi ya 14, liliitaka Israeli iondoke ndani ya miezi 12. Muda huo ulipita bila agizo kutimizwa.

Maoni ya mahakama hayana askari wa kuyatekeleza, na katika Baraza la Usalama kura ya turufu ya Marekani imezuia maazimio mengi. Namibia ilingoja miaka 19 baada ya maoni ya 1971 kabla ya kupata uhuru mwaka 1990. Kwa Palestina, sheria imekwisha kusema. Kilichobaki ni wajibu wa mataifa yaliyosaini Mkataba wa Geneva, ambayo kifungu chake cha kwanza kinayataka yauheshimu na kuhakikisha unaheshimiwa katika hali zote.