Hesabu ya Watu na Bei ya Nyumba: Mji wa Lubumbashi tangu 1910

Wakubwa wa kila mji shurti wajibu maswali mawili. La kwanza: tunataka watu wangapi? La pili: watu hao watalala wapi, na kwa malipo gani? Katika Lubumbashi, uliokuwa ukiitwa Élisabethville mpaka 1966, swali la kwanza lilijibiwa kwa bidii kubwa. La pili lilijibiwa kwa ajili ya wale tu walioandikwa katika hesabu. Tutazame namna mambo yalivyokwenda.

I. Watu wa kuazima

Mji ulianza mwaka wa 1910, reli kutoka kusini ilipofika. Mwaka wa 1911 tanuru la shaba likawashwa karibu na mto Lubumbashi. Kazi ilikuwa nyingi, mikono michache. Kwa hiyo Bourse du Travail du Katanga ilitafuta wanaume vijijini. Wengine walitoka Rodesia ya Kaskazini, na tangu 1925 wengine Ruanda-Urundi. Walikuja kwa miezi michache, bila bibi, kisha walirudi kwao. Wengi hawakurudi kamwe, kwa maana magonjwa yaliwaua kambini. Nani atamjengea nyumba mtu wa kuazima? Kibanda kilionekana kuwa kinatosha. Na wale watu weusi walioishi nje ya kambi, Serikali iliwapeleka tangu 1921 katika Cité Albert, ndiyo Kamalondo ya leo, na uwanja mtupu ukaachwa kati yao na Wazungu.

II. Nyumba ya kampuni

Miaka ya 1924 na 1925 tume ya Serikali ilionya kwamba vijiji vinaisha wanaume, ikataka mpaka uwekwe. Basi Union Minière ilifanya hesabu nyingine. Kumleta mtu mpya kila mara ni gharama; afadhali kumshika mmoja pamoja na jamaa yake, na watoto wake watakuwa wenye kazi wa kesho. Tangu 1928 hivi, mapatano ya miaka mitatu yakawa desturi. Kampuni ilimkopesha kijana mali ya kuolea, ikawapa posho bibi na watoto, ikaweka wauguzi kwa wazazi. Mapadri Wabenedikto walishika masomo ya kambi. Kanisa lilifurahi kuona ndoa zinasimama, na kweli ilikuwa furaha ya haki: vifo vilipungua, watoto walizaliwa wengi.

Lakini tusisahau upande wa pili. Nyumba ile haikulipiwa kwa faranga, ililipiwa kwa kazi yenyewe. Siku kazi inapokwisha, nyumba nayo inakwisha. Bei ya shaba ilipoanguka baada ya 1930, maelfu waliondoshwa. Juzi waliitwa baba wa jamaa, wenyeji wa kambi. Leo waliambiwa warudi kijijini. Hesabu iliyowaita ndiyo iliyowafukuza.

III. Nyumba ya mwenyewe

Baada ya vita ya pili mji ulijaa kupita makadirio yote. Mpango wa Miaka Kumi, 1949 mpaka 1959, ulitaka kujenga haraka. Mwaka wa 1952 ikaundwa Office des Cités Africaines, iliyojenga Ruashi na mitaa mingine mingi ya Kongo. Nyumba zake zilikuwa imara, zenye mpango mzuri, lakini bei yake ilimshinda mwenye mshahara mdogo. Ndiyo sababu Fonds du Roi ilianzishwa mwaka wa 1955, kusaidia wale ambao mkopo wa kawaida uliwapita.

Katika Katuba ilifuatwa njia nyingine, iliyopata jina la mkubwa wa Serikali aliyeitwa Grévisse. Mtu alipewa kiwanja, ramani na mkopo wa vyombo vya kujengea. Yeye mwenyewe alitafuta fundi, akasimamia kazi, akalipa deni pole pole. Kazi ilikuwa ya jasho, na nyumba hazikufanana. Lakini mwenye nyumba aliweza kusema: hapa ni kwangu.

IV. Mtihani

Kampuni ilitwaliwa na Serikali mwaka wa 1967, baadaye ikaitwa Gécamines. Mgodi wa Kamoto ulibomoka mwaka wa 1990, na mwaka wa 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kazi kwa malipo ya mara moja. Wengi walikuwa wamezaliwa kambini, hawana kijiji cha kurudia. Mtu wa Katuba naye alipoteza mshahara. Njaa haikumwonea haya. Lakini alikuwa na paa, na chumba cha kupangisha.

Leo Lubumbashi una watu zaidi ya milioni mbili. Hakuna tena anayepanga hesabu yao, na mpangaji hulilia garanti. Sheria ya 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite malipo ya miezi mitatu. Ni wangapi katika parokia zetu wanaoijua?

Basi sisi mapadri na makatekista tushike neno moja. Kuita watu si kuwapokea. Anayepokea hutafuta namna mgeni awe mwenyeji, asiyeondoshwa na barua ya asubuhi moja. Tunapotayarisha vijana kwa ndoa, tuwaulize pia watalala wapi, na kwa karatasi gani. Sheria ya 20 Julai 1973 yasema udongo ni mali ya Serikali. Ushahidi wa haki ya mtu ni cheti cha uandikishaji, wala si neno la aliyemuuzia. Mjane asiye na cheti hicho yuko hatarini kama yule wa kambini mwaka wa 1931. Kumsaidia akipate ni kazi ya huruma, nayo yaweza kuanza juma hili.