Sindromu ya uamilishaji wa seli masti: uchaguzi wa dawa

Sindromu ya uamilishaji wa seli masti ni hali ambayo seli za kinga ziitwazo masti hufyatuka mara kwa mara na kumwaga kemikali zake mwilini, zikasababisha dalili katika viungo zaidi ya kimoja kwa wakati mmoja. Seli hizo, zilizoelezwa na Mjerumani Paul Ehrlich mwaka 1878, zimejaa kwenye ngozi, njia ya hewa na utumbo. Zinapofyatuka, mgonjwa huwashwa, huiva uso, huharisha, hubanwa kifua au hushuka shinikizo la damu. Hali ikizidi, hupata anafilaksia, yaani mmenyuko mkali wa mwili mzima unaoweza kuua.

Utambuzi. Damu huchukuliwa ndani ya saa 4 hivi tangu dalili zianze, kisha kiwango cha triptasi, kimeng'enya kinachomwagwa na seli hizo, hulinganishwa na cha siku ambayo mgonjwa ni mzima. Ongezeko linalotambuliwa ni asilimia 20 ya kiwango chake cha kawaida, jumlisha nanogramu 2 kwa mililita: mwenye kiwango cha 5 anapaswa kufikia 8. Nafuu inayoletwa na dawa ni sehemu ya ushahidi pia.

Dawa zinazotumika. Matibabu hutuliza dalili. Setirizini, loratadini na feksofenadini huziba vipokezi vya H1 vya histamini, mojawapo ya kemikali za seli masti. Famotidini huziba vya H2, hasa kwa dalili za tumbo. Kromolini, iliyotokana na utafiti wa Roger Altounyan, daktari wa Uingereza aliyekuwa na pumu na akajijaribia mwenyewe, huzuia seli zisifyatuke. Ya kunywa huchanganywa na maji kabla ya chakula, na kwa kuwa hufyonzwa kidogo sana, kazi yake kubwa hufanyika utumboni. Montelukasti, ketotifeni na sindano ya omalizumabu huongezwa inapobidi. Aspirini huwafaa baadhi ya wagonjwa kwa kupunguza prostaglandini, kemikali nyingine ya seli masti, lakini kwa wengine ndiyo inayochokoza seli hizo.

Uvumilivu wa dawa. Mgonjwa anaweza kuafikiana na setirizini ya kiwanda kimoja, ya kiwanda kingine ikamtoa vipele. Katika hali hiyo, viambato visivyo dawa hushukiwa: rangi, laktosi, jelatini, polietilini glikoli, au vihifadhi vya dawa za maji. Kwa hiyo madaktari wengi huanzisha dawa moja kwa wakati mmoja, kwa dozi ndogo, na kuipandisha taratibu. Dawa mbili zikianzishwa pamoja, haijulikani iliyoleta nafuu wala iliyodhuru. Pale huduma hiyo ilipo, mfamasia huweza kutengeneza kapsuli isiyo na kiambato kinachoshukiwa.

Tahadhari. Aliyewahi kupata anafilaksia hujaribu dawa mpya chini ya uangalizi wa daktari, sindano ya adrenalini ikiwa karibu. Dawa za presha za kundi la vizuia-beta zinaweza kudhoofisha kazi ya adrenalini hiyo. Mofini, kodeini, vankomisini na baadhi ya dawa za kulegeza misuli wakati wa upasuaji zinaweza kuzifyatua seli masti moja kwa moja, hata bila mzio. Kwa sababu hiyo, kabla ya upasuaji daktari wa usingizi huhitaji orodha ya dawa ambazo mgonjwa amezivumilia na zilizomdhuru, pamoja na jina la kiwanda na viambato vya kila moja.